Arubaini na baada yake: mwongozo kamili wa mapenzi ya mama na mwana mchanga, kutoka Lamu

Kwetu Lamu mzazi hapewi kazi. Ukiingia nyumba yenye kichanga, iwe Mkomani, Langoni au Shela, unakuta mambo yamekwisha pangwa: uji wa pilipili manga uko jikoni, maji ya kumkandia mama yanachemka, mkaja umefungwa tumboni, udi umefukizwa, na wanawake wazima wawili watatu wanajua kila mmoja zamu yake. Siku arubaini mama ni wa kula, kulala na kunyonyesha. Ziko nchi tajiri ambazo mama hurudi kutoka hospitali siku ya pili, mlango ukafungwa, akabaki peke yake na mtoto asiyejua la kumfanyia. Hili tulilonalo ni hazina.

Lakini arubaini ina upungufu mmoja ambao hatuuzungumzi. Inamalizika wiki ileile ambayo mtoto hulia kuliko wiki zote za maisha yake. Wasaidizi wanafunga virago, mamake mzazi anarudi kwake Siyu au Matondoni, na mama anaachiwa mtoto anayelia magharibi nzima. Mwongozo huu unafuata siku zinavyokwenda, kuanzia mimba mpaka mtoto anakaribia mwaka, ila wiki ya sita ndiyo nitakayokaa nayo zaidi. Umeandikiwa mama, na pia mumewe, mamake na mavyaa yake, kwa sababu mapenzi ya mama na mtoto hushikiliwa na mikono mingi.

Hatua ya kwanza: mimba ingali tumboni

Kuanzia takriban mwezi wa sita wa mimba, masikio ya mtoto yanafanya kazi. Anasikia moyo wa mama, anasikia sauti yake ikipita mwilini, na sauti za karibu humfikia kwa mbali. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa vichanga wenye umri usiozidi siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti. Wakinyonya kwa mtindo fulani husikia sauti ya mama yao. Wakinyonya kwa mtindo mwingine husikia sauti ya mama mwingine. Vichanga walibadilisha unyonyaji wao ili wamsikie mama yao. Basi zungumza na tumbo lako bila haya. Msomee, muimbie, mtajie watu wanaoingia nyumbani. Baba naye asogee karibu aongee kwa sauti yake ya kawaida.

Jambo la pili ni safari. Mama anayeishi Faza, Kizingitini au Pate asisubiri uchungu umshike ndipo atafutiwe boti. Kusi likivuma bahari huchafuka, na boti hucheleweshwa na maji kupwa. Kuanzia wiki ya 36 au 37 ni vyema awe kwa jamaa karibu na hospitali. Zaidi ya usalama, kuna faida ya moyo: anayejifungua bila hofu ya njia huwa na nafasi ya kumtazama mtoto wake.

Tatu, kubalianeni mapema nani atasimama nawe leba, na mwambieni muuguzi kuwa mnataka mtoto awekwe kifuani mara tu akizaliwa. Mchagueni pia mtu mmoja wa kuwazuia wageni. Awe na ulimi mtamu na msimamo. Mara nyingi shangazi huifaa kazi hii kuliko yeyote.

Hatua ya pili: saa ya kwanza

Mtoto akishazaliwa na kukaushwa, kama analia vizuri na mama hana shida, alazwe uchi juu ya kifua cha mama, tumbo kwa tumbo, kichwa kimeelekea upande ili pua iwe wazi, mgongo ufunikwe kwa leso kavu. Kupimwa uzito na kuvishwa nguo kunaweza kungoja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ngozi kwa ngozi mara moja, na kunyonya ndani ya saa ya kwanza.

Usikimbilie kumtia titi mdomoni. Mwache, umtazame. Kwanza hutulia kimya, macho yamefunguka, kana kwamba anasikiliza. Baada ya muda mdomo huanza kuchezacheza. Ngumi inapanda mdomoni, anailamba. Mkono wake bado una harufu ya maji ya uzazi, na harufu hiyo inafanana na ya titi. Kisha anainua kichwa, kinaanguka, anakiinua tena. Miguu inasukuma tumbo la mama. Anapumzika, na watu wasiojua husema amelala, wambebe. Hajalala. Akipewa nafasi, watoto wengi hufika kwenye titi wenyewe na kulishika ndani ya saa hiyo.

Kinachotoka mwanzo ni dang'a, yale maziwa ya manjano mazito. Yasimwagwe hata tone. Ndiyo kinga yake ya kwanza. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni iitwayo oksitosini. Homoni hiyohiyo hulikaza tumbo la uzazi ili damu ipungue, husukuma maziwa yatoke, na humtuliza mama. Kazi tatu, mlango mmoja.

Baba anaweza kumwadhinia mtoto akiwa palepale kifuani mwa mamake. Hakuna haja ya kumtoa. Adhana kwa sauti ya chini karibu na sikio inatosha, na mtoto hupokea sauti ya babake akiwa amepata joto la mama. Kuhusu kumwonjesha tende, mshaurianeni na muuguzi, na mikono iwe imeoshwa kwa sabuni. Asali ndiyo ya kukatazwa kabisa mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyompooza kichanga misuli. Maji, hata ya sukari, hayahitaji mpaka afikishe miezi sita, hata joto la kaskazi likiwa kali namna gani. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha.

Aliyejifungua kwa upasuaji, au aliyetenganishwa na mtoto kwa sababu ya ugonjwa, asiambiwe kwamba amekosa. Ngozi kwa ngozi hufaa siku ya pili, ya kumi, na ya thelathini. Mama akiwa bado hawezi, baba avue shati akae naye kifuani.

Na yuko mama ambaye mtoto anawekwa kifuani na yeye hahisi lolote ila uchovu. Anaona wenzake wanalia kwa furaha naye anatazama dari. Dadangu, huna kasoro. Mapenzi huja kwa wengine kama wimbi na kwa wengine hupanda polepole kama maji kujaa. Kinachomjenga mtoto ni yale utakayoyafanya kila siku, na hayo yanaanza sasa hivi hata moyo ukiwa bado umelala.

Hatua ya tatu: jifunze kumsoma

Siku chache za kwanza mtoto anaona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30. Pima: ndio umbali wa kutoka titi lako hadi usoni pako. Mbali zaidi ya hapo dunia ni ukungu. Kwa hiyo mama anayenyonyesha akimtazama mtoto anampa kitu pekee anachoweza kukiona sawasawa, nacho ni uso wa mtu.

Kichanga hulala saa nyingi, 14 hadi 17 kwa siku, na muda wake wa kuwa macho mtulivu ni mfupi. Utautambua kwa haraka: macho yanang'aa, mikono imetulia, pumzi inakwenda taratibu. Mara nyingi huja baada ya kunyonya. Hapo ndipo pa kuzungumza naye. Mtazame, sema neno moja mbili kwa sauti nyororo ya kuvuta, kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka tano. Utaona nyusi zinapanda, mdomo unafanya duara, au vidole vya miguu vinakunjuka. Hilo ni jibu lake. Mpokee: "Ehee, kumbe! Kisha ikawaje?" Nyamaza tena. Watu wazima wengi hukosea hapa kwa kuongea mfululizo, wakamnyima mtoto zamu yake.

Baada ya dakika chache atageuza uso upande. Mama huumia akidhani amekataliwa, akamfuata upande huo, akapiga makofi, akamtikisa. Kugeuza uso ni kupumzika. Ubongo wake umejaa. Mngojee, akirudi mwenyewe kukutazama, muitikie. Asiporudi, akapiga miayo, akaenda chafya, akakunja uso, basi amechoka, mlaze.

Njaa nayo ina dalili zake kabla ya kilio. Hugeuza kichwa kutafuta, hulamba midomo, hupeleka ngumi mdomoni, hujinyonganyonga. Kilio ndicho kiishio. Anayelia kwa njaa kali hawezi hata kulishika titi vizuri, inabidi atulizwe kwanza. Mnyonyeshe kila anapotafuta, mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku wake, wala usitazame saa.

Ndipo hapa huja maneno ya baraza: "Usimshike kila akilia, atazoea mikono." Nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu sana, na bado nasema si kweli kwa mtoto mchanga. Hana akili ya hila. Analia kwa kuwa hana njia nyingine. Mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth na mwenzake Silvia Bell walifuatilia watoto na mama zao mwaka mzima, na mwaka 1972 wakachapisha walichokiona: watoto walioitikiwa haraka miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi walipokaribia mwaka.

Huyu Ainsworth alianza kazi hii jirani yetu. Mwaka 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akakaa nao nyumbani, akatazama mama wanavyolea. Aliona kwamba watoto waliotulia, waliothubutu kutambaa mbali kisha wakarudi kwa mama, walikuwa na mama ambao ukiwauliza habari za mtoto hukueleza mambo madogomadogo: anapenda alazwe upande gani, analia vipi akiwa na usingizi, nani humchekesha. Mama hao walikuwa wanatazama. Hiyo ndiyo kazi ninayokuomba, wala haihitaji kununua chochote.

Hatua ya nne: iwekeni arubaini mahali pake

Arubaini ni ya mama na mtoto. Ilivyo siku hizi, katika nyumba nyingine huwa ni ya wageni. Watu wanaingia tangu asubuhi, kila mmoja ambebe, ambusu, amtie manukato, na mama anakaa kando akimwangalia mwanawe akizunguka mikononi. Mtoto akianza kutafuta titi, anabembelezwa na mgeni mpaka alie. Mama kijana anaona haya kumwomba.

Mavyaa, hapa pana nafasi yako. Ukimwona mtoto analamba ngumi, mchukue kwa mgeni, mrudishe kwa mamake: "Mwanangu, anakutaka, hebu mnyonyeshe." Neno hilo likitoka kwako, halina ubaya kwa mtu. Na mkazamwana naye akisema, "Mama, nipe nimnyonyeshe, ameanza kutafuta," asikie jibu jema. Msaada mkubwa wa bibi ni kumshughulikia mama ili mama amshughulikie mtoto. Mpe uji, fua winda, shika wale wakubwa, mwache alale mtoto anapolala. Bibi anayechukua mtoto usiku kucha na kumwachia mzazi vyombo amegeuza mpango.

Wazee wetu walimficha mtoto kwa kuogopa kijicho. Kinga yake bado ni changa kweli, na wageni wachache humwepusha na mafua na kikohozi. Basi waje wachache, wenye mafua wabaki mlangoni, mikono ioshwe, mtoto asibusiwe mdomoni wala mikononi. Wanja usipakwe machoni. Aina nyingi zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo unaokua. Kitovu kiachwe kikavu au kipakwe dawa aliyotoa muuguzi tu, si samli wala majivu.

Akandwe kwa mkono, naam. Kumpaka mtoto mafuta na kumkanda taratibu ni mguso mzuri sana, hasa ukifanywa na mama mwenyewe huku anamtazama. Usimnyooshe viungo kwa nguvu wala kumrusha hewani. Anza miguuni, panda tumboni kwa mzunguko, umweleze unachofanya: "Sasa ni zamu ya mguu wa kulia." Akikunja uso, acha.

Joto la Lamu linahitaji akili. Mtoto aliyefungwa kofia, soksi na blanketi Januari, wakati wa kaskazi, huwa mwekundu, hulia, na mama akadhani ana tumbo. Gusa shingo yake nyuma. Ikiwa na jasho, mpunguzie. Usiku alale chali juu ya godoro gumu, bila mito wala leso usoni, ndani ya chandarua.

Kutotoka nje siku arubaini kusimzuie mama kwenda kliniki. Mama na mtoto wanatakiwa kuonwa ndani ya saa 48, kisha wiki ya kwanza au ya pili, kisha kati ya wiki ya nne na ya sita. Nenda na kijitabu cha mama na mtoto. Chanjo ya wiki ya sita huangukia siku ya 42, siku mbili tu baada ya arubaini, kwa hiyo safari ya kwanza ya mtoto baada ya arubaini iwe hiyo.

Hatua ya tano: wiki ya sita

Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, aliwaomba mama 80 waandike kila siku watoto wao wanalia kiasi gani. Kilio kilipanda wiki baada ya wiki, kikafika kileleni karibu na wiki ya sita, karibu saa tatu kwa siku, hasa jioni, kisha kikashuka. Kufikia miezi mitatu au minne kimepungua sana. Mtoto mzima, aliyeshiba, mkavu, anaweza kulia hivi na asiwe na ugonjwa wowote.

Sasa weka hesabu hiyo juu ya arubaini yetu. Mtoto analia zaidi, wasaidizi wameondoka, mume amerudi baharini au kazini, na mama ana wiki sita za usingizi wa vipande vipande. Anajiuliza nini amekosea. Hajakosea. Kwa hiyo nashauri familia ipange arubaini ya pili iliyo nyepesi: mpaka mtoto atimize miezi mitatu, awepo mtu mmoja wa kuja kila siku kati ya alasiri na isha. Si lazima alale. Ashike mtoto, mama aoge, ale chakula cha moto, afumbe macho nusu saa. Wifi, jirani, dada wa shule ya upili aliyefunga likizo, yeyote mwenye subira. Andikeni majina kabla ya arubaini kuisha. Ahadi ya jumla ya kwamba "tutakuja" huwa haiji.

Mtoto akilia na umeshamnyonyesha na kumbadilisha, jaribu ngozi kwa ngozi tena, mtembeze ndani ya nyumba ukiwa umemfunga kwa leso kifuani, muimbie wimbo uleule kila siku. Asiponyamaza, kuwa naye tu kunamfaa. Analia akiwa ameshikwa, na hiyo ni tofauti kubwa na kulia peke yake. Ukihisi hasira inapanda, mlaze mahali salama, toka uani, vuta pumzi, ita mtu. Usimtikise kamwe. Kichwa chake ni kizito na shingo ni laini. Kumtikisa kunaweza kupasua mishipa ya ubongo na kumuua.

Wiki hiyohiyo, au mbili baadaye, huja zawadi: tabasamu la kweli. Kabla yake midomo ilicheka usingizini bila sababu. Sasa anakutazama, anatulia, halafu uso wote unafunguka kwa ajili yako.

Kuhusu moyo wa mama. Siku ya tatu hadi ya tano wanawake wengi hulia bila sababu, wakaudhika upesi, kisha hali hiyo ikaisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Isipoisha, au ikianza baadaye, ni ugonjwa na una tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa lao ni sonona. Muulize maswali mawili, kwa upole, mkiwa peke yenu: "Wiki hizi mbili umekuwa na huzuni au umekata tamaa siku nyingi? Yale uliyokuwa ukiyafurahia, bado unayafurahia?" Jibu likikutia wasiwasi, mpeleke kliniki. Mama aliyezama katika sonona humvalisha mtoto na kumnyonyesha, lakini uso wake haumjibu, na mtoto huliona hilo. Kumtibu mama ni kumtibu mtoto.

Akianza kusikia sauti, kusema mtoto si wake, kukesha siku mbili tatu bila kuhisi usingizi, au kusema atajidhuru au atamdhuru mtoto, hiyo ni dharura ya usiku uleule. Kwetu watu hukimbilia kusema amepagawa. Asomewe dua, ni haki yake, na asomewe njiani kwenda hospitali. Asiachwe peke yake na mtoto hata kidogo.

Akizaliwa kabla ya wakati

Mtoto njiti, au aliye chini ya kilo 2.5, anamhitaji mama zaidi. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa na mashine chache za kupasha joto. Aliwafunga watoto vifuani mwa mama zao. Leo malezi hayo ya kangaruu yanapendekezwa kote duniani, saa 8 hadi 24 kwa siku, na tangu 2022 ushauri ni yaanze mara tu baada ya kuzaliwa.

Mtoto avalie nepi, kofia na soksi tu. Asimamishwe wima kati ya matiti, kichwa upande, kidevu kimeinuka kidogo ili koo lisibanwe, miguu imekunjwa kama ya chura. Funga leso imara kumzunguka yeye na wewe, ukingo wa juu uishie chini ya sikio lake. Juu yake vaa dera lako. Unaweza kuketi, kutembea ndani, hata kulala ukiwa umeegemea mito. Pokezaneni na baba au bibi.

Baba na wengine

Ainsworth aliona kule Uganda kwamba watoto hushikamana na zaidi ya mtu mmoja, na hilo haliwapunguzii mama. Baba mvuvi anayekaa baharini siku kadhaa achague kazi moja iwe yake kila anaporudi: kumwogesha, kumbadilisha winda, au kumtembeza alfajiri. Mtoto humjua mtu kwa kazi anayorudiarudia. Mama wa kazi ya mshahara ana haki ya likizo ya miezi mitatu na mume wiki mbili, kwa sheria ya ajira ya Kenya ya 2007, zichukueni zote. Ukirudi kazini, kamua maziwa. Katika jokofu hukaa hadi siku nne. Nje, kwa joto letu, ni saa chache tu.

Miezi miwili hadi mwaka

Sasa mazungumzo yenu yanapata sauti. Kwenye miezi miwili hutoa "aguu" na husubiri. Mjibu kwa Kiamu chako, lugha unayoipenda moyoni. Mpeleke dirishani: "Msikie punda. Amefika Bwana maji." Ubongo unakua kwa kasi mno; akifika miaka miwili utakuwa karibu asilimia 80 ya ukubwa wa mtu mzima, na maneno anayoelekezewa yeye ndiyo yanayoulisha.

Simu ndiyo mpinzani wetu mpya. Miaka ya 1970 Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaomba mama wacheze na watoto wao, kisha wanyamaze na kuukausha uso kwa dakika chache. Watoto walijaribu kucheka, wakanyoosha mikono, kisha wakageuka na kulia. Mama anayenyonyesha huku akisoma ujumbe ana uso huo. Ujumbe mmoja haumdhuru mtu, lakini angalau vipindi kadhaa vya kunyonyesha kila siku viwe bila simu.

Miezi sita aanze chakula laini, titi likiendelea hadi miaka miwili kamili, kama Kurani ilivyotaja. Mlishe ukimtazama, ungoje afungue mdomo. Kulisha kwa kumbana pua kunaharibu chakula na imani.

Karibu na miezi minane au tisa ataanza kulia ukitoka, na kumkataa mjomba aliyekuwa akimchekea. Watu watasema amekuwa na tabia mbaya. Ni dalili njema: sasa anajua wewe ni nani na kwamba huwezi kubadilishwa na mwingine. Usimtoroke akiwa amegeuka. Muage: "Naenda sokoni, nakuacha na bibi, nitarudi." Nenda bila kurudirudi mlangoni. Ukirudi, mwanzie yeye kabla ya kikapu.

Chanjo ya surua ni miezi tisa. Muuguzi atampima uzito. Wewe muombe atazame na ukuaji mwingine. Mwambie mapema kama mtoto hakutabasamu kufikia miezi mitatu, hageukii sauti akiwa na sita, au hajakaa mwenyewe akiwa na tisa. Na wakati wowote wa miezi miwili ya mwanzo, akishindwa kunyonya, akilegea, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea, mwili ukichemka au kupoa mno, au manjano yakifika viganjani na nyayoni, usingoje asubuhi wala maji kujaa. Tafuta boti ya haraka, mweke ngozi kwa ngozi chini ya leso, na kama bado anaweza, mnyonyeshe njia nzima.